Maswali ya Wasomaji: Tutundike Nini Ukutani?

Barua nyingi zilizotufikia katika majuma ya karibuni zinahusu jambo moja: nyumba imekwisha kujengwa au kupangwa, viti vimewekwa, mapazia yametundikwa, lakini kuta zimebaki tupu na wenyewe hawajui waanzie wapi. Nimechagua barua sita ambazo, kwa maoni yangu, zinagusa hali za wasomaji wengi. Naomba jambo moja tangu mwanzo, kwa kuwa litajitokeza karibu katika kila jibu: kabla ya kuuliza ni pambo gani linalopendeza, mwenye nyumba aujue kwanza ukuta wake, yaani umejengwa kwa nini, unapigwa na jua saa ngapi, una unyevu au hauna, na mtu huutazama akiwa umbali gani.

SWALI: Dada mshauri, salamu kutoka Tanga. Mimi na mume wangu tulihamia katika nyumba yetu mpya mwaka jana. Ukuta mkubwa wa sebuleni una urefu wa mita tano, umejengwa kwa matofali ya saruji, umepigwa lipu na kupakwa rangi nyeupe, na mbele yake kuna kochi la watu watatu. Tumetundika saa ndogo na kalenda tu. Mume wangu anasema tuuache hivyo hivyo kwa kuwa unapendeza kwa usafi wake. Mimi naona sebule inafanana na ofisi. Nina kanga kadhaa alizoniachia marehemu bibi yangu, picha za harusi yetu, na makawa ya ukindu. Je, nivitundike vyote? — Mama wa watoto watatu, Tanga

JIBU: Mama mpendwa, hongereni kwa kuhamia kwenu. Naona wewe na mume wako hampingani kama mnavyodhani, kwa sababu yeye anatetea utulivu wa sebule na wewe unatetea uhai wake, na ukuta wa mita tano unatosha kuyabeba yote mawili. Kinachoipa sebule yenu sura ya ofisi ni kipimo. Saa yenye upana wa sentimita 25 au 30 hupotea katikati ya ukuta mkubwa kiasi hicho, na kuongeza vitu vingine kumi vidogo hakutaondoa upungufu huo, bali kutaufanya ukuta uonekane umetawanyiwa vitu. Ukuta huo unahitaji kitu kimoja kikubwa.

Wapambaji wengi hufuata kanuni kwamba pambo lililo juu ya kochi liwe na upana wa takribani theluthi mbili za kochi lenyewe. Kochi la watu watatu aghalabu huwa na upana wa sentimita 200 hadi 220, kwa hiyo pambo linalolifaa ni la sentimita 135 hadi 150. Sasa chukua futi kamba uipime kanga moja ya bibi yako: utaikuta ina upana wa karibu sentimita 150 na kimo cha karibu sentimita 110. Kitu unachokitafuta tayari kimo sandukuni mwako. Mgongo wa kochi ukiwa na kimo cha sentimita 85, na ukiacha nafasi ya sentimita 20 kati yake na ukingo wa chini wa kanga, ukingo wa juu utafika sentimita 215, na katika chumba chenye dari ya mita 2.7 utabaki zaidi ya nusu mita ya ukuta mtupu juu ya kanga, mbali na nafasi pana iliyo kushoto na kulia. Mume wako atakuwa amepata weupe anaoupenda.

Katika kuchagua kanga ya kutundika, usitazame rangi peke yake. Kanga husomwa, na ikishakuwa sebuleni itasomwa na kila anayeingia, awe mkwe au jirani. Kanga yenye mafumbo au maneno ya kumjibu mtu ina mahali pake, lakini si juu ya kochi wanapokaa wageni. Ile yenye dua, yenye shukrani kwa mama, au yenye methali kama «Mgeni njoo mwenyeji apone» itakaa vizuri zaidi. Angalia pia mji wake, yaani sehemu ya kati iliyozungukwa na pindo: wenye mchoro mmoja mkubwa katikati huonekana vizuri kwa mbali kuliko wenye nukta ndogo ndogo, na pindo pana huuzunguka mchoro kiasi kwamba fremu haihitajiki. Ikiwa bibi alikuachia doti nzima, tundika kanga moja na uihifadhi ya pili mahali pakavu penye giza, kwa sababu ile ya ukutani itapauka polepole hata ukiilinda na jua, na wajukuu wako watapenda kujua rangi zake za kweli zilikuwa zipi.

Usiipigilie misumari wala usiipake gundi. Gundi huacha madoa ya manjano yasiyotoka, na msumari hutoboa kitambaa kisha uzito wa kitambaa chenyewe hukichana. Njia nyepesi ni kushona, upande wa nyuma kwenye ukingo wa juu, ukanda wa kitambaa cha marekani wenye upana wa sentimita nane, ukiacha ncha zake mbili wazi ili ufito uliolainishwa kwa msasa upite ndani. Ufito huo ndio utakaokaa juu ya kulabu mbili, na uzito wa kanga utaenea sawasawa. Ukitaka kanga inyooke kabisa, mwombe seremala akutengenezee fremu ya mbao kavu, muiwambe marekani kwanza, kisha kanga ishonwe juu ya marekani kwa mkono kuzunguka pindo. Kwa kanga ya kale mimi napendelea njia ya kwanza, kwa kuwa inaweza kushushwa, ikapunga hewa kivulini na kurudishwa bila kuvutwavutwa.

Lipu ya ukuta wa matofali ya saruji kwa kawaida ina unene wa sentimita moja na nusu hadi mbili, na msumari wa kawaida ukigongwa hapo hupinda au humega lipu. Kwa pambo jepesi kama kanga, misumari mifupi ya zege inatosha. Kwa pambo lenye fremu na kioo, fundi atoboe kwa drili tundu la milimita 6 lenye kina cha sentimita 4 au 5, ili lipite lipu na kuingia katika tofali, kisha aweke kishikizo cha plastiki na skrubu inayolingana nacho. Asitoboe moja kwa moja juu wala chini ya swichi na soketi, kwa kuwa nyaya za umeme aghalabu hupita hapo. Na kabla ya kutoboa popote, kata magazeti kwa vipimo vya pambo, uyabandike ukutani kwa utepe wa karatasi, uyaache siku mbili tatu huku mkikaa na kupita kama kawaida yenu. Gazeti likikusumbua macho kwa kukaa juu mno au upande mmoja, ni rahisi kulihamisha kuliko kuziba tundu.

Picha za harusi nisingeziweka ubavuni mwa kanga, kwa sababu picha ndogo inataka kusogelewa, na mbele ya kochi hakuna anayeweza kuisogelea. Zipeni ukuta wa ujia unaoelekea vyumbani, ambako mtu hupita karibu nazo. Ziwe na nafasi ya sentimita 5 hadi 8 kati ya moja na nyingine, na kitovu cha kundi zima kiwe sentimita 145 hadi 150 kutoka sakafuni, kimo ambacho majumba mengi ya makumbusho hukikaribia kwa kuwa ndicho kinacholingana na macho ya mtu mzima aliyesimama. Mazoea ya kutundika picha karibu na dari yameenea sana kwetu, na nadhani tumeyachukua maofisini, ambako picha ya kiongozi wa nchi huwekwa juu kwa heshima. Nyumbani watu wanastahili kutazamana macho kwa macho na wale wanaowapenda.

Makawa yakae karibu na meza ya chakula, matatu au matano, makubwa kwa madogo, kila moja likiwa na kipande cha kizibo au mbao nyuma yake ili hewa ipite kati ya ukindu na ukuta. Tanga kuna unyevu, na ukindu unaogusa ukuta moja kwa moja huota kuvu. Saa ihamie mahali inapoonekana kutoka jikoni, na kalenda iende jikoni kabisa, kwa kuwa ndiko inakotumika.

SWALI: Dada, nimepanga chumba na sebule hapa Sinza, Dar es Salaam, na mwenye nyumba amekataza kupiga misumari. Nilibandika picha kwa utepe wenye gundi pande mbili. Zote zilianguka, na mbili zikang'oa rangi ya ukuta. Nifanye nini? — Mpangaji, Dar es Salaam

JIBU: Ndugu yangu, utepe wa gundi haushiki ukuta, unashika rangi iliyo juu ya ukuta, na nyumba nyingi za kupanga zimepakwa rangi ya maji isiyo na nguvu ambayo ukiipangusa kwa kiganja inaacha unga. Ongeza joto na unyevu wa jiji lako, na gundi hiyo haina nafasi. Usiijaribu tena.

Tumia vitu vinavyosimama. Picha kubwa au kioo kirefu kinaweza kuegemezwa ukutani kikiwa juu ya kabati fupi, mradi kizuiwe kwa chini kisiteleze na kiwe mbali na watoto. Rafu nyembamba ya kusimama, yenye kimo cha mtu, itabeba vitabu, kinyago kimoja kizuri na picha zako, na itaufunika ukuta bila kuugusa. Mkeka wa rangi unaweza kuning'inizwa kwenye fimbo ya pazia ambayo mwenye nyumba mwenyewe aliiweka, ikiwa upande mmoja wa dirisha haufunguliwi. Hata hivyo, ningekushauri kuzungumza naye tena kwa ombi lililo wazi. Wenye nyumba huchukia matundu kumi na tano yaliyosambaa. Ukimwomba skrubu tatu tu za kushika ubao mmoja mwembamba wa mita mbili, uliopakwa rangi ya ukuta na kuwekwa sentimita 30 chini ya dari, na ukaahidi kwa maandishi kuziba matundu na kupaka rangi siku ya kuhama, huenda akakubali. Katika ubao huo utaning'iniza chochote kwa uzi wa nailoni, na utabadilisha mapambo upendavyo bila kutoboa ukuta tena.

SWALI: Assalamu alaykum. Nyumba yetu ya urithi iko Lamu, ya mawe, na chumba cha ndani kina zidaka, yaani vishubaka vya kuwekea vitu vilivyojengwa ndani ya ukuta. Miaka michache iliyopita tuliipaka rangi ya plastiki. Sasa rangi inabambuka, unga mweupe unatoka ukutani, na picha tulizotundika zimeota kuvu nyuma. Ndugu zangu wanataka tuzibe zidaka kwa saruji ili tupate ukuta mtambarare wa picha na televisheni. Unasemaje? — Mrithi, Lamu

JIBU: Wa alaykumu s-salaam. Nakusihi kwa moyo wote, msizibe zidaka. Nyumba bora za mawe zilizosalia Lamu nyingi ni za karne ya 18, na safu za zidaka katika chumba cha ndani ndizo pambo ambalo mafundi wa wakati huo walilitengeneza pamoja na ukuta wenyewe, kwa lipu ya chokaa iliyochongwa kwa ustadi, ili wenye nyumba waweke sahani na bakuli za kaure, vitabu na vitu vyao vya thamani. Mnachotaka kukiziba ndicho ambacho wasomaji wengine wa ukurasa huu wanakitafuta.

Fahamu pia kwa nini zidaka zinakifaa chumba hicho kuliko picha kubwa. Dari za nyumba hizo zilibebwa na boriti za mikoko, ambazo haziwezi kuvuka nafasi inayozidi mita 3 hivi, kwa hiyo vyumba vikawa virefu lakini vyembamba. Aliyekaa ndani huutazama ukuta akiwa hatua mbili au tatu tu kutoka kwake. Kwa umbali huo picha ya mita moja na nusu humwelemea, ilhali kidaka chenye bakuli moja ndani yake, na kivuli chake kinachobadilika kadiri mwanga unavyosogea, humpa jicho kitu cha kutazama kwa utulivu.

Sasa tuje kwenye unga mweupe. Hiyo ni chumvi. Ukuta wa matumbawe na chokaa hunywa unyevu kutoka ardhini, kwenye mvua na katika hewa ya bahari, kisha huutoa nje kupitia uso wake. Mlipoupaka rangi ya plastiki mliufunga. Maji yakabaki nyuma ya rangi, chumvi ikaganda hapo na kuisukuma rangi hadi ikabambuka. Saruji italeta madhara makubwa zaidi, kwa sababu ni ngumu kuliko ukuta wenyewe na haipitishi unyevu kama chokaa, hivyo maji yatatafuta njia nyingine na kula sehemu ambazo sasa ni nzima.

Anzeni kwa kutafuta chanzo: mfereji wa paa uliopasuka, bomba linalovuja, au ardhi ya nje iliyopanda juu ya usawa wa sakafu. Kisha kwangueni rangi ya plastiki kwa uangalifu, mkiepuka kabisa kugusa michongo kwa chuma, na muipanguse chumvi kwa brashi kavu. Kuiosha kwa maji huirudisha ndani. Mahali lipu ilipokufa, fundi anayejua kazi ya chokaa aipige upya kwa chokaa na mchanga uliooshwa, aiache ikauke polepole, na mwisho ukuta upakwe chokaa nyeupe. Kwa kuwa Mji wa Kale wa Lamu umo katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2001, ongeeni na ofisi ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya iliyoko hapo Lamu kabla ya kugusa lolote. Watawaambia yanayoruhusiwa, na watawafahamisha mafundi wanaofaa.

Ukuta ukishapona, usitundike kitu chochote chenye mgongo wa ubao uliobana dhidi yake. Wekeni vitu ndani ya zidaka, wala msijaze vidaka vyote: kimoja kiwe na bakuli la kale, kingine chetezo, kingine mrashi, na vinne au vitano vibaki vitupu kabisa. Televisheni iwekwe juu ya meza fupi katika chumba cha mbele.

SWALI: Nilinunua picha ya Tingatinga nilipokuwa Dar es Salaam. Ilikunjwa kama bomba nami nikaihifadhi kabatini kwa miezi mingi. Nilipoifungua nikaona sehemu zimenatana. Je, bado inafaa kutundikwa, na inahitaji kioo? Pia nitajuaje kama ni Tingatinga halisi? — Mtumishi wa umma, Dodoma

JIBU: Ndugu mpendwa, usiivute. Picha hizi huchorwa kwa rangi ya mafuta ing'aayo, ambayo hulainika katika joto na kunata inapobanwa. Iache katika chumba chenye ubaridi usiku kucha, kisha alfajiri, kabla jua halijapata nguvu, uifungue kidogo kidogo ukiwa na mwenzako wa kushika upande wa pili. Ikifika mahali inapogoma, acha, uipumzishe, uendelee kesho yake. Madoa madogo yaliyobanduka anaweza kuyarekebisha mchoraji wa mtindo huo huo. Siku nyingine picha ikilazimika kukunjwa, uso wenye rangi uwe upande wa nje, na uzungushwe kwenye bomba nene la karatasi ngumu.

Haihitaji kioo. Rangi ya mafuta hujilinda yenyewe dhidi ya vumbi, na kioo juu ya rangi inayong'aa huleta miale miwili inayoficha mchoro. Mpe seremala aiwambe kwenye fremu ya mbao zilizokauka vizuri, asiivute mno, na aweke vijiti vya kuimarisha pembe. Kwa usafi, kitambaa laini kikavu kinatosha. Rangi za picha hizi zina nguvu na michoro yake hujaa hadi ukingoni, kwa hiyo inataka ukuta wa rangi moja iliyotulia na nafasi ya wazi kila upande. Ukiizungushia picha nyingine, zote zitashindana.

Kuhusu uhalisi, Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, akitumia rangi za dukani juu ya mbao za mraba zilizoshindiliwa, na alifariki mwaka 1972 kwa risasi ya polisi waliomdhania kuwa mtu mwingine. Kazi zake mwenyewe ni chache na nyingi zimo mikononi mwa wakusanyaji. Zinazouzwa leo ni za jamaa zake, wanafunzi wake na wanafunzi wa hao, ambao waliunda ushirika wao mwaka 1990, na hilo haliwapunguzii thamani hata kidogo. Cha kuuliza ni jina la aliyeichora. Tafuta sahihi yake pembeni, tazama kama mistari myembamba ya manyoya na majani imechorwa kwa mkono uliotulia, na ukipata nafasi nenda Oysterbay ambako wachoraji hufanya kazi hadharani, ukanunue kwa yule uliyemwona akichora. Nami naamini kwamba picha ambayo mwenyewe anajua imechorwa na nani hutunzwa kwa bidii zaidi.

SWALI: Shikamoo dada. Familia yetu ina asili ya Unguja na tunaishi Muscat. Bibi ametupa picha za miaka ya 1950, nyeusi na nyeupe, na tunataka kuzitundika. Nyumba yetu ni ghorofani, ina madirisha makubwa, baadhi ya kuta ni za jipsamu, na mama hapendi picha za watu katika chumba tunachoswalia. — Mjukuu, Muscat

JIBU: Marahaba. Bibi amewakabidhi amana, na la kwanza ni kwamba picha alizowapa zisitundikwe zenyewe. Zipelekeni kwa mtu mwenye mashine nzuri ya kunakili, azinakili kwa nukta 600 kwa inchi au zaidi, kisha zichapwe nakala kwa ukubwa mtakaoutaka. Picha ya awali yenye upana wa kiganja inaweza kuchapwa hadi sentimita 30 bila kupoteza sura za watu, ikiwa ilipigwa vizuri. Za awali zihifadhiwe katika bahasha za karatasi isiyo na asidi, mbali na joto. Ikiwa kuna picha iliyokwisha kushikamana na kioo cha fremu ya zamani, msiibandue. Inakiliwe ikiwa ndani ya kioo hicho hicho.

Kabla ya kuzitia kwenye fremu, kaeni na bibi. Mwulizeni majina, mtaa, na sherehe iliyokuwapo, na myaandike nyuma ya bahasha kwa penseli. Tazameni pia nyuma ya kila picha kama kuna muhuri wa studio, kwa mfano wa Capital Art Studio, ambayo Ranchhod Oza aliianzisha Unguja mwaka 1930, kwa kuwa muhuri wa namna hiyo husaidia kukadiria picha ilipigwa wapi na lini. Ningependa majina hayo yaonekane ukutani pia, kwa maandishi madogo chini ya kila nakala, ili mtoto aliyezaliwa Muscat asome jina la mama wa bibi yake na la mtaa wa Malindi au Vuga bila kusubiri kuambiwa.

Rai ya mama yenu ifuatwe, na Waislamu wengi wanaichunga vivyo hivyo. Chumba cha kuswalia kibaki na ukuta wa kibla mtupu, au kiwe na maandishi ya Kurani yaliyoandikwa kwa hati nzuri na kuwekwa juu kwa adabu, ubavuni badala ya mbele ya anayeswali. Picha zipate nafasi katika ujia au sebule ya familia, kwenye ukuta usiopigwa na jua la dirishani saa yoyote. Jua la Oman hupausha hata nakala mpya. Kati ya picha na kioo kuwe na fremu ya pili ya karatasi ngumu, ili uso wa picha usiguse kioo. Ukuta wa jipsamu hauwezi kushikwa na msumari mtupu: tafuteni skrubu zenye vishikizo vinavyofunguka nyuma ya ubao, au mgonge ukuta kwa kidole hadi msikie mlio mzito unaoonyesha nguzo iliyo nyuma, na fremu nzito ziwekwe hapo.

SWALI: Nimenunua mbao tatu za imigongo kutoka Rwanda. Jikoni kwangu ndiko kwenye ukuta mtupu. Je, niziweke huko? — Mwalimu, Ngara

JIBU: Mwalimu, jikoni hapana. Imigongo hutengenezwa kwa samadi ya ng'ombe iliyochanganywa na majivu, ikafinyangwa kwa mkono kuwa matuta yenye pembe kali, kisha ikapakwa rangi nyeusi, nyeupe na nyekundu ya udongo. Mvuke na mafuta ya kupikia huyalainisha matuta na kuyachafua kwa namna isiyoosheka. Sanaa hii ya mashariki ya Rwanda hapo kale ilipamba kuta za ndani za nyumba zenyewe, kwa hiyo sebuleni au chumbani iko kwao. Zipange mbao zote tatu wima, moja chini ya nyingine, kwenye ukuta unaopata mwanga wa dirisha kutoka ubavuni, kwa kuwa mwanga wa ubavuni ndio unaotoa vivuli vya matuta, na taa iliyo mbele yake huyafanya yaonekane bapa. Ukipangusa vumbi, tumia brashi laini ya rangi iliyo kavu, ukifuata mwelekeo wa mistari.